Muhuri si sili ya pampu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kuhusu neno moja la Kiingereza lililonila shilingi 1,350,000 na kunikimbizia wateja wa msimu mzima. Neno lenyewe ni "seal". Gereji tunalitamka sili, na tumelizoea mpaka tumesahau kwamba si la kwetu.

Mimi ni mjane, nauza spea za pampu za maji hapa Morogoro mjini. Duka aliniachia marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi pampu kwa zaidi ya miaka 20. Wateja wangu ni wakulima wa nyanya wa Mlali, wa mboga wa Mgeta na wa mpunga wa Dakawa. Mvua zikikata, kila mwenye pampu ya inchi 2 au 3 anaishusha mtoni, na ikifika Julai naanza kuwaona mlangoni, pampu begani, suruali imelowa. Mara nyingi ugonjwa ni uleule: sili imekufa.

Sili ya pampu si kitu kikubwa. Ninayo moja hapa mezani ninapoandika. Ni pete mbili, moja nyeusi ya kaboni, nyingine nyeupe ya kauri, kauri kama ya kikombe cha chai. Pete moja imekaa kwenye shafti na inazunguka nayo, ya pili imekaa kwenye bodi ya pampu na haisogei. Nyuso zao zimesuguliwa zikawa laini kama kioo, na springi ndogo kwa nyuma inazibana zilaliane. Katikati hukaa utando mwembamba wa maji, na huo ndio unaozipoza. Mkulima akiwasha pampu kabla hajaijaza maji, utando haupo, nyuso zinasagana kavukavu na kupata moto, kisha maji ya baridi yakiingia ghafla kauri inapasuka. Ukiishika kwenye mwanga unaona ufa kama unywele. Kwa ufa ule pampu inavuta hewa badala ya maji, na nyanya zinanyauka mwenyewe akiwa kasimama kando ya mto unaotiririka.

Mwaka 2022 niliamua kuagiza Istanbul, kwa sababu bei ya pale niliambiwa ni nzuri na mali inadumu. Mafundi wetu huiita ile pete "sili ya maji", kuitofautisha na sili ya oili iliyo upande wa injini. Basi binti yangu akaandika kwenye simu kwa Kiingereza, "water seal 20 mm", vipande 150. Programu ya tafsiri ikaigeuza kuwa "su mührü 20 mm", na ujumbe ukaenda kwa wakala wa mizigo aliyekuwa akituhudumia kule. Akajibu amepata. Nikatuma hela, pamoja na ya usafiri wa ndege.

Boksi lilipofika nililifungua palepale kaunta. Humo ndani mlikuwa na vifuko vya vidude vya plastiki vya bluu, kila kimoja kina namba na kiwaya kilichosokotwa. Nilikigeuza kimoja mara nne, tano. Mteja aliyekuwa amesimama pembeni, ambaye aliwahi kufanya kazi ya kusoma mita, akavitambua kabla yangu: "Mama, hivi si ndivyo wanavyofungia mita ya maji mtu asiichezee?"

Ndivyo. Na mita za maji za majumbani zipo za milimita 15 na zipo za milimita 20. Kila nilichoandika kilikuwemo: maji, 20, na muhuri. Yule wakala alinunua kile hasa alichoambiwa anunue. Simlaumu, wala simlaumu binti yangu. Lakini kulikuwa na baba mmoja wa Mlali aliyekuwa akisubiri sili mbili, ameshaacha pampu zake dukani kwangu na amelipa nusu. Nilipompigia simu hakunifokea. Alisema tu, "Basi mama, nitajua la kufanya," na mimi nilijua hana la kufanya. Ndiyo maana sikuliacha jambo hili lipite.

Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi İzmir, kwa ule ufadhili wa serikali ya Uturuki unaoitwa Türkiye Bursları. Nilimpigia usiku uleule. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza yote, naye akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu nianze kuagiza: "Shangazi, hiyo sili inafanya kazi gani?"

Nikamwambia inazuia maji yasipite kwenye shafti.

Akanyamaza kidogo. "Basi hawaiiti mühür. Mühür ni muhuri. Ni muhuri huuhuu wetu."

Mhariri, nilisimama. Ni kweli ni neno moja. Limetoka kwa Waajemi, kwao ni muhr, likaenda kwa Waturuki likawa mühür, likashuka kwa bahari mpaka kwetu likawa muhuri. Kabla ya mwaka 1928, Waturuki walipobadili maandishi yao kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini, waliliandika kwa mim, he na re, kama ambavyo mzee wa Lamu au Unguja angeliandika zamani. Mimi na yule wakala tulikuwa na neno la pamoja tangu mwanzo. Kilichotupoteza ni kupita kwa Mwingereza, ambaye kwa neno lake moja anataja muhuri, na kizibo, na mnyama wa baharini.

Yule kijana alinieleza kwamba hata Waingereza wenyewe wameweka humo maneno mawili yasiyo na undugu. La kwanza limetoka Kilatini, sigillum, yaani kijipicha au alama ndogo, likapitia Ufaransa. Ni ile alama ya pete inayokandamizwa kwenye nta. Kwa kuwa nta ile ndiyo iliyofunga barua, neno likahama kutoka kwenye alama kwenda kwenye kufunga, na kutoka kufunga barua likaenda kufunga kila kitu kisivuje: chupa, bomba, injini, hata barabara inapomwagiwa lami. La pili ni la Kiingereza cha kale, seolh, mnyama wa baharini mwenye ngozi ya kuteleza ambaye kamusi zetu nazo zinamwita sili. Yalikutana kwa sauti tu, kama binadamu wawili wenye jina moja kwenye daftari la deni.

Mturuki hakukubali kuyachanganya. Huyo mnyama kwake ni fok, na watu wa kawaida husema fok balığı, yaani samaki fok, ingawa si samaki. Mwanangu huyo alinitumia picha kutoka Foça, mji mdogo wa pwani si mbali na İzmir, ambako sili wa Bahari ya Kati bado wapo, ni wachache na wanalindwa. Mji huo zamani uliitwa Phokaia, jina linalohusishwa na neno la Kigiriki la mnyama huyo, na sarafu zake za kale zilichorwa sili. Aliniambia, "Shangazi, shukuru Mungu simu haikukuandikia fok." Sikuweza kucheka siku ile, lakini nilimshukuru.

Kisha akanifundisha mengine, nami nikayaandika kwenye daftari la marehemu, nyuma ya vipimo vyake. Herufi zao kwanza zinahitaji uangalifu. C ya Kituruki inasomwa kama j yetu, na ile yenye mkia, ç, ndiyo ch. Ş ni sh. Ü ni u inayosemwa midomo ikiwa imechongoka kama ya kupiga mluzi. Kwa hiyo conta haisomwi "konta", husomwa "jonta", na hiyo ni gasketi: kipande bapa kinacholala kati ya vyuma viwili visivyozunguka, kama cha kichwa cha silinda. Keçe husomwa "keche", na hiyo ndiyo sili ya oili, ile ya mpira yenye mdomo mwembamba unaokumbatia shafti. Kwa kazi za ofisi, muhuri wa mpira wa kampuni wenye anwani, wana neno jingine, kaşe, ndiyo maana karatasi zao za biashara huandika "kaşe ve imza", muhuri na saini. Na zabuni inayofungwa kwenye bahasha, ambayo Mwingereza angeitia kwenye neno lake lilelile, kwao ni kapalı zarf, bahasha iliyofungwa, basi.

Pete yangu ya kaboni na kauri hakuijua jina. Alisema, "Hiyo lazima uende mwenyewe, uiweke mkononi mwa fundi."

Nikaenda, mwaka 2023, nimebeba sili mbovu sita zimefungwa kwenye kipande cha khanga. Nililala Laleli kama wafanyabiashara wengi wa kwetu, maana ndiko kuliko na maduka ya nguo ya jumla na mawakala wa mizigo. Asubuhi nikapanda tramu, T1, ikapita Beyazıt na Sultanahmet, ikashuka Eminönü, ikavuka daraja la Galata ambapo wavuvi wamejipanga na ndoano zao, na nikateremka Karaköy. Hapo kuna mitaa inayoitwa Perşembe Pazarı, maana yake Soko la Alhamisi, ingawa ni ya kila siku ya kazi. Ukitoka Gerezani pale Kariakoo hutajiona mgeni. Beringi, boliti, mikanda, minyororo, mipira ya hidroli imening'inia mpaka barabarani, na ile harufu ya grisi ni ileile iliyokuwa kwenye mashati ya mume wangu.

Duka nililoingia lilikuwa na upana wa mlango tu, lakini lilienda ndani kwa droo ndogondogo mpaka darini. Mzee mwenye duka aliichukua sili yangu ya kwanza, akaifuta kwa kidole gumba, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni kama mimi ninavyofanya. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi yangu, nikasema "mühür". Akatikisa kichwa taratibu.

"Bu mühür değil abla. Bu salmastra." Huu si muhuri, dada. Hii ni salmastra.

Akachukua kipande cha boksi na kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: MEKANİK SALMASTRA. Kisha akavuta droo na kunionyesha salmastra ya kizamani, ile kamba iliyolowekwa grisi ambayo hujazwa shingoni mwa pampu kubwa na kubanwa kwa nati. Ile kamba ninaijua, pampu za zamani za mashambani zilikuwa nayo. Nikaelewa hapohapo. Wao walishika kazi ya kitu. Kamba ilizuia maji kwenye shafti, pete za kauri zilipokuja kufanya kazi ileile zikarithi jina la kamba, na fundi akaongeza tu "mekanik".

Keçe nayo ina hadithi ya namna hiyo. Maana yake hasa ni sufu iliyoshindiliwa, ile ambayo wachungaji wao hushonea majoho na madervishi wa Konya huitengenezea kofia zao ndefu. Mashine za zamani zilizibwa oili kwa pete ya sufu hiyo. Leo ni mpira mtupu, ila jina limebaki, kama sisi tunavyoita bati kile tunachoezekea nyumba ambacho ni chuma kilichopakwa zinki. Mzee alinitolea keçe moja iliyoandikwa 35x52x7. Nikaisoma kwa sauti kwa Kiswahili huku nikigusa: ndani, nje, unene. Akaitikia kwa kichwa kila nilipogusa. Tulikuwa tumeshaacha kuhitaji simu.

Nilipotoa daftari aliuliza "defter?" nikajibu "daftari". Kalem, kalamu. Hesap, hesabu. Sandık, sanduku. Dakika haikubadilika hata herufi. Tulikwenda hivyo kwa muda, yule mzee akifurahi kama mtoto, na mwanawe kijana aliyekuwa nyuma akaacha simu yake akaja kusikiliza. Na hapa pia pana mitego. Misafir kwao ni mgeni aliyekuja kwako, si mwenye safari. Ruhsat ni leseni, si ruhusa ya mdomo. Na wana maneno yao yaliyobeba mizigo mingi kama ya Mwingereza: nilipotaka washa za boliti aliniambia pul, na mwanawe akanieleza kwamba pul ni stempu ya barua pia, na ni gamba la samaki. Mchana nilipokula nikaikuta tena mezani, pul biber, pilipili iliyosagwa vipande bapa. Hakuna lugha isiyo na neno la namna hiyo. Ubaya unakuja pale maneno mawili ya namna hiyo yanapowekwa kwenye mstari mmoja na mtu wa tatu akalipia.

Mzee aliuliza maandishi yale ya penseli kwenye daftari ni ya nani. Nikasema mume wangu, na kwa kuwa sikuwa na neno, nikainua mikono kama mtu anayeomba dua. Akasema "rahmetli", marehemu. Nikasema tulimsomea hitima. Akatulia. "Hatim," akasema, na akaweka mkono kifuani. Kwao hatim ni kuikamilisha Kurani kwa kuisoma yote, nao huwasomea wafu wao. Niliporudi nilimuuliza sheikh wetu wa mtaani, akaniambia hitima, na hatima, na khatamu yote yanatoka shina moja la Kiarabu, na khatam ni muhuri, kile kinachofunga. Kwa hiyo hata siku ile, mbele ya droo za salmastra, tulikuwa bado tunazungumzia muhuri, ila sasa ule wenyewe.

Nirudi kwenye hoja yangu, Mhariri.

Sisi wa Morogoro Waturuki si wageni kwetu. Reli ya SGR ilipoanza kujengwa mwaka 2017, kampuni ya Yapı Merkezi ikishirikiana na Wareno katika kipande cha Dar es Salaam mpaka Morogoro, vijana wetu wengi walipata kazi huko. Walirudi nyumbani na maneno: tamam, yaani sawa, çabuk, haraka, yavaş, polepole. Na usta. Kila fundi wa Kituruki aliitwa usta, na wao wakawaita usta mafundi wetu waliowaheshimu. Usta ni neno lilelile tunalomwitia mwalimu wa dini, ustadhi. Limetoka Uajemi nalo. Treni ya abiria imeanza kuja hapa tarehe 14 Juni 2024, nami nimeshaipanda mara nyingi kwenda kutoa mzigo. Miaka yote hiyo ya kujenga, maelekezo yalikwenda Kituruki kwa Kiingereza, Kiingereza kwa Kiswahili. Mpwa wangu aliyefanya kazi ya kuchomelea aliniambia jinsi walivyokuwa wakisikia kaynak na kufikiri ni neno la mashine tu, kumbe kwa Kituruki kaynak ni kuchomelea, ni chemchemi ya maji, na ni asili ya jambo. Mtu akiandika "spring" kwenye simu akimaanisha springi ya vali anaweza kupewa kaynak, au bahar ambayo ni majira, wakati anachotaka dukani ni yay, ambayo nayo kwao ni upinde wa kurushia mishale. Sili haiko peke yake.

Na Kiswahili hakikuwa maskini. Tulikuwa na muhuri wa alama. Tulikuwa na lakiri, kutoka kwa Mreno na nta yake nyekundu, kwa kile kinachofunga kitu ili kikiguswa kijulikane. Ile plastiki ya bluu iliyoniletea hasara ni lakiri kabisa. Kama binti yangu angeweza kwenda moja kwa moja kutoka Kiswahili, simu isingeona muhuri wala lakiri kwenye sentensi yake, kwa sababu tusingeweka. Lakini dukani tumekusanya gasketi, lakiri, pete ya pampu na mpira wa oili vyote tukaviita sili, kisha tunashangaa mtu wa mbali hatuelewi. Mafundi wangu wananiambia "kila mtu anaelewa". Anaelewa kwa sababu yuko hapa na tunamwonyesha kwa mkono. Istanbul haioni mkono wako.

Waturuki wana taasisi yao ya lugha tangu mwaka 1932, na kamusi yake iko kwenye intaneti bure. Yule kijana wa İzmir ananitafutia neno humo na maana zinatoka moja moja, pamoja na za kiufundi. Sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu mwaka 1967. Naiomba, kwa heshima, ishuke gereji. Ikae siku tatu Gerezani, siku tatu hapa Msamvu, iwasikilize mafundi, na kila kitu kipewe jina lake kwa Kiswahili, kisha pembeni yake lile la Kituruki, na la Kichina pia maana mzigo mkubwa unatoka huko. Wasianze na neno la Kiingereza na kuuliza "Kiswahili chake nini?" Waanze na kitu kiko mezani, kimelowa oili.

Na wewe Mhariri nakuomba jambo dogo zaidi. Kwenye ukurasa wako wa biashara mna nafasi ya bei za mazao kila wiki. Nitengee sentimita chache chini yake kwa jina la bidhaa moja tu kila wiki, na picha yake, Kiswahili na Kituruki, na jinsi linavyosomwa. Mwanafunzi kama yule wa İzmir yuko tayari kuhakikisha Kituruki, nami nitaleta vitu vyenyewe. Wafanyabiashara wa nguo wataleta yao. Nao wana vilio vyao vya vitambaa, nimewasikia kwenye ndege.

Kwa wenzangu mnaoagiza leo, kabla ukurasa haujapatikana: msitume neno pekee. Tumeni picha ya kitu kikiwa juu ya rula, kisha mwandike kinafanya kazi gani na kinakaa wapi. Mimi sasa naandika, "Kinazuia maji, kinakaa kwenye shafti ya pampu, kinazunguka", na hata tafsiri ikiwa mbaya mtu wa upande wa pili hawezi tena kuniletea cha kufungia mita.

Yule baba wa Mlali nilimpelekea sili zake mbili mwenyewe, nikamrudishia na hela yake ya nusu. Alikuwa ameshapanda maharage pale palipokuwa na nyanya. Zile lakiri za bluu bado ziko chini ya kaunta, ziko zote 150. Kama kuna mamlaka ya maji inazihitaji, nitazitoa bure.

Kuhusu daftari, nimeona ni afadhali mlione wenyewe kuliko niwasimulie. Kurasa za mbele ni vipimo vya marehemu kwa penseli, za nyuma ni maneno yangu ya Kituruki kwa kalamu ya bluu, na kile kipande cha boksi cha mzee wa Karaköy nimekibandika kwenye jalada kwa ndani. Nitalileta ofisini kwenu nikija Dar es Salaam kutoa mzigo, mlipige picha kurasa zote mtakazo. Naomba tu nikae nalisubiri palepale, nirudi nalo siku hiyohiyo.

Wako katika kazi,
Muuza spea za pampu,
Morogoro